Zongwe Iko Hapa Tu

Kwenye stesheni ya Kongolo kulikuwa na ubao wenye saa za treni, na sikuwahi kuona mtu akiutazama. Tulijua treni imekaribia kwa kuwaona akina mama wauza mihogo ya kuchemsha wakisogeza beseni zao karibu na reli. Siku niliyoondoka nilisubiri hapo mpaka kivuli cha paa kikahamia upande wa pili, nikiwa na godoro lililofungwa kwa kamba, gunia la karanga na kidumu cha mawese. Karanga na mawese havikuwa vyangu. Vilikuwa vya yaya, dada yangu mkubwa, aliyekuwa ameolewa mbali, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika.

Yaya alikuwa amempoteza mtoto wake wa kwanza wakati wa kujifungua. Habari ilitufikia Kongolo wakati huko kwake matanga yalikuwa yameshaondolewa. Mama hakulia mbele yetu. Alichosema ni kwamba binti yake alilia mahali ambapo hakuna hata mtu mmoja wa kwao aliyemsikia. Ndiyo sababu alinituma, mimi niliyekuwa nimemaliza sekondari kwa mapadri na nilikuwa nazurura tu mjini.

"Usiende kukaa kwa shemeji yako ukule chakula yake," aliniambia kwenye dirisha la behewa. "Lakini kaa fasi utamusikia, pahali ya karibu."

Tulipofika stesheni ya Kabalo walichomoa kichwa cha treni wakakipeleka kwenye kazi nyingine, na sisi tukabaki na mabehewa yetu kama mizigo iliyosahauliwa. Watu walipika bukari, yaani ugali, kando ya reli, watoto wakapata marafiki, na mama mmoja akaanza kuuza chumvi kana kwamba amefungua duka. Kichwa kilirudi wakati hatukitazamii tena. Baada ya Nyunzu mvua iliingia kupitia madirisha yasiyo na vioo, nikalala juu ya gunia la karanga ili lisilowe. Kisha mto Lukuga ukaja kukaa kando yetu, ikafika harufu ya samaki wanaoanikwa, na muda mrefu baada ya harufu nikaliona ziwa lenyewe.

Reli iliishia Kalemie, lakini Zongwe, kijiji alikoolewa yaya, ilikuwa mbele zaidi, kusini. Shemeji yangu alikuwa mmoja wa wale watu wa ukingo wa kaskazini walioshuka na mitumbwi yao wakifuata samaki, wakajenga nyumba na kanisa huko. Hakukuwa na barabara. Mlima unashuka hadi majini, na kijiji kimekaa kwenye ukanda mwembamba wa mchanga chini yake. Unaingia kwa mashua na unatoka kwa mashua. Nilimpelekea yaya vitu vyake, nikamkuta amekonda lakini anacheka, nikarudi Kalemie kutafuta kazi, kwa sababu mimi kuvua sijui.

Kazi niliipata kwenye nyumba ya foni. Wasomaji vijana huenda hawajui foni ilikuwa nini. Miaka ile ya Zaire simu za posta zilikuwa zimekufa, na barua ilifika kama ilivyotaka. Mtu mwenye uwezo alinunua mashine ya redio, akavuta waya juu ya paa, akaweka nyingine katika mji mwingine, na wananchi wakaja kusema humo. Unaomba saa yako. Ndugu yako wa mji ule mwingine anaitwa. Mnakutana kwa sauti. Kipaza sauti kilikuwa na kitufe. Unakibonyeza unasema, unamaliza kwa kusema "avu", yaani zamu yako, unakiachia, ndipo unasikia. Huwezi kusema na kusikia kwa wakati mmoja. Na chumba kizima kinasikia pamoja nawe, waliokaa kwenye mabenchi wakingoja, wakicheka penye kucheka na kuguna penye msiba.

Patroni wetu, mwenye nyumba ile, alikuwa ameanza kama mfanyabiashara wa ndagala, dagaa wa ziwani. Alinunua mashine ya kwanza ili ajue bei ya Lubumbashi kabla ya kupakia, kisha akagundua kwamba watu walioomba "niseme kidogo tu" walikuwa wengi kuliko magunia yake. Wakati naajiriwa alikuwa na mashine Kalemie, Kongolo na Lubumbashi, na alijiita mkurugenzi wa kampuni ya mawasiliano. Ndani ya mashine hakujua kitu. Aliipigapiga juu kama mtu anayechagua tikiti maji. Lakini watu aliwajua. Aliniuliza mama yangu ni wa ukoo gani, nikamjibu, akasema basi nianze kesho.

Aliyejua mashine alikuwa mtu mwembamba aliyesomea Lubumbashi na kufanya kazi ya mawasiliano ya reli kabla ya kuja kwetu. Tulimwita Enjeniere. Alisema akiwa anatazama waya, si mtu, na alisema jambo mara moja tu.

Tofauti yao niliiona kwanza kwenye mikono ya akina mama. Kwetu kitu cha heshima hupokelewa kwa mikono miwili. Mama akipewa kipaza sauti ili aseme na baba mkwe au mjomba wake, alikipokea hivyo, kwa mikono miwili, akakikumbatia, na kitufe kikabaki kimebonyezwa. Alisema, akasema avu, akangoja. Mzee wa upande wa pili alijibu kwa sauti yake yote na hakuna kilichosikika, maana mama hajaachia. Wengine walitoka wakilia wakidhani mzee amekasirika. Enjeniere aliandika kwenye karatoni, kipande cha boksi, ACHIA KIDOLE, akaitundika ukutani, na hakuna aliyeisoma. Patroni aliitazama karatoni siku chache, kisha akatuagiza tusimpe mtu kipaza sauti tena. Tukishike sisi, mbele ya mdomo wake. Tatizo likaisha Kalemie siku hiyohiyo. Kongolo aliwaambia pia, lakini huko hawakufuata.

Patroni aliposafiri, Enjeniere aliachiwa nyumba. Aliona kwamba saa nyingi zinaliwa na salamu: umeamukaje, bibi ameamukaje, na mbuzi, na majirani. Akaagiza salamu iwe moja. Kwa hesabu ya betri alikuwa na haki. Lakini watu walitoka wakinung'unika kwamba kwenye foni ile mtu anafukuzwa mdomoni, na wengi wakahamia kwenye foni ya mapadri. Patroni aliporudi alirudisha salamu zote, na mabenchi yakajaa.

Kwa hiyo aliposema ataweka mashine Zongwe, nilimwamini kabisa. Yaya alikuwa na mimba tena, tumbo limeshaonekana. Nilimwambia mama kwa foni ya Kongolo, na chumba kizima cha huko kikapiga vigelegele kabla yake. Patroni aliniahidi mbele ya wafanyakazi wote: siku yaya atakaposhikwa na uchungu, mtu wa Zongwe ataita, na mashua yake ya injini itatoka saa ileile kumleta hospitali ya Kalemie. Hakuahidi kwa kunifurahisha. Alikuwa mtu wa kufanya alichosema.

Mashine ilipelekwa, waya ukavutwa kati ya miti miwili, na kijana wa huko akafundishwa. Asubuhi ya kwanza niliita. Kongolo ikajibu. Lubumbashi ikajibu, safi, ikauliza bei ya ndagala. Zongwe haikujibu. Niliita tena baada ya chai, na jioni, na kesho yake.

Patroni alikuja kusimama nyuma ya kiti changu.

"Lubumbashi njo mbali, na tunaisikia," alisema. "Zongwe iko hapa tu. Basi yule mutoto analala."

Enjeniere alisema halali. Alieleza, akitazama waya, kwamba sauti ya foni inapanda juu angani na kurudi chini mbali, na kwamba kwa njia tuliyokuwa tunaitumia inaruka juu ya walio karibu. Zongwe iko ndani ya pale panaporukwa. Inahitajika njia nyingine, ya chini zaidi, na waya mrefu zaidi, na kijiwe cha kuagiza Lubumbashi ambacho kinawekwa ndani ya mashine kuipa njia hiyo. Pia ruhusa mpya ya posta, na watu wa usalama wajulishwe.

Patroni alicheka, si kwa ubaya.

"Enjeniere, mi niko mutu wa ndagala. Kitu ya karibu haiwezi kuwa nguvu kuliko kitu ya mbali. Unataka tu kuninunulisha mawaya."

Chumba kilicheka naye. Enjeniere alichukua bisibisi yake akatoka. Hakulirudia neno lile, si siku hiyo wala wiki zilizofuata, na mimi nilipomwomba arudie alinijibu kwamba ameshasema. Kuagiza kijiwe bila sahihi ya patroni hakuweza.

Kilichotuharibia zaidi ni kwamba siku nyingine, jua likiwa utosini, Zongwe ilisikika. Sauti nyembamba, kama mtu anayesema ndani ya mtungi, kisha inapotea. Patroni alifurahi kila mara. Unaona, alisema, wakiamka tunawasikia. Akamtumia yule kijana onyo kwa mashua ya wavuvi. Kijana akajibu kwa mashua ileile kwamba anaita asubuhi na jioni mpaka koo linamuuma, na kwamba ni sisi tusiojibu. Patroni akamwondoa, akaweka mwingine. Huyo naye hakusikika asubuhi.

Mwezi wa yaya ulikuwa unakaribia. Nilianza kuwahi kazini kabla mlinzi hajafungua. Nilivaa visikilizio, nikaita Zongwe, nikanyamaza, nikasikiliza ule mvumo wa mashine unaofanana na mvua kwenye bati la jirani. Nilijifunza kusikia vitu visivyokuwepo. Nyumbani, nikila, nilisikia mtu akiita alo, alo, nikaweka tonge chini. Mama kila wiki aliuliza kwa foni kama ninamsikia yaya, na mimi nilimjibu kwamba tumeweka mashine. Lilikuwa jibu la kweli, na kila nilipolitoa niliharakisha kusema avu.

Nilimwendea patroni kumwomba yaya aletwe Kalemie mapema. Alikubali palepale, akatuma neno kwa wavuvi. Neno likarudi kwamba wakwe wanaona bado, na kwamba haifai kumwondoa mwanamke nyumbani kwake wakati mashine ya kuita mashua iko mlangoni. Mashine ile ndiyo iliyomzuia. Kama isingekuwepo, nadhani wangemleta.

Asubuhi yenyewe ilikuwa na mawingu. Niliita, kimya. Nikaita Kongolo kwa kazi za kawaida, tukamaliza, nikaita Zongwe tena. Sijui nilikuwa nimekaaje, lakini patroni alipoingia aliniuliza kama ninaumwa. Nilimwambia kwamba siku za yaya zimetimia na siwezi tena kukaa mbele ya mashine isiyosikia. Kama kuna mtumbwi wowote unaokwenda kusini, mimi nakwenda nao.

Enjeniere alikuwa amechuchumaa kwenye kona na betri. Aliinuka, na kwa mara ya kwanza nilimwona akimtazama patroni usoni.

"Papa, kule wanaita," alisema. "Sisi wa karibu hatuwasikii. Wale wa mbali wanawasikia."

 Patroni akasema polepole, kama mtu anayejisemea, "Kama mutu na mama mukwe wake."

Sote tulielewa. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni wala hawasemezani ana kwa ana. Wanaweza kukaa ua mmoja, na neno likatoka kwa huyu likazunguka kwa mtu wa tatu, hata wa nyumba ya mbali, ndipo limfikie yule. Patroni hakuuliza kitu kingine. Alichukua kipaza sauti mkononi mwangu akaita Kongolo, akauliza kama wao wanaisikia Zongwe.

Yule wa Kongolo alijibu akicheka. Alisema Zongwe inawapigia kelele tangu jana asubuhi, kuna mwanamke ameshikwa na uchungu na mtoto amekaa vibaya, inaomba mashua, inaomba mashua. Walidhani tumegombana nao ndiyo maana hatuwajibu.

"Na hamukutuambia?" patroni aliuliza. "Avu."

"Papa, tungewaambia nini? Zongwe iko hapo tu kwenu. Avu."

Patroni alikiweka kipaza sauti mezani. Halafu alikimbia. Sikuwahi kumwona akikimbia, alikuwa mtu mzito, lakini alikimbia hadi bandarini mwenyewe, na mashua ilitoka mimi nikiwa ndani yake, na mapipa ya mafuta yaliyokuwa ya safari nyingine. Enjeniere alibaki kwenye mashine. Aliiambia Kongolo, Kongolo ikaiambia Zongwe, kwamba tunakuja, na yaya aliambiwa hivyo akiwa amelala. Baadaye alinieleza kwamba tangu aliposikia hilo woga ulimpungua kidogo.

Tulimchukua. Mawimbi yalikuwa ya ubavuni na hatukuweza kwenda kasi. Nilishika kichwa chake, na mama mmoja wa kanisa lao akashika miguu, na shemeji yangu akawa anateka maji kwa kopo akiyarudisha ziwani, hata pale ambapo hayakuwa yakiingia. Hospitali walifanya kazi yao vizuri. Yaya aliishi. Mtoto, msichana, alitolewa akiwa hana pumzi. Mkunga alituambia kwa upole kwamba tungefika jana ingekuwa maneno mengine.

Kwenye kilio patroni alikuja na kuketi chini, kwenye mkeka, na wanaume wengine. Alikuwa amelipa sanda bila kuambiwa. Alilia kweli. Alinishika goti akasema, "Mi niliwaza kuwa karibu njo kusikia," na mimi pia, na mama, na wale wa Kongolo, sote tulikuwa tumewaza hivyo. Enjeniere alikaa mbali, karibu na ua. Hakumkumbusha mtu kwamba alisema.

Wanaume walibishana kwa sauti ya chini, kama inavyofanyika kilioni kabla usiku haujaingia. Mmoja alisema nyumba ya foni iongozwe na anayejua foni, basi, kama vile treni. Mwingine akamuuliza kama amesahau wiki za salamu moja. Wa kwanza akasema salamu haziui.  Mimi tangu siku hiyo nimefanya kazi katika miji mingi, chini ya wakubwa wa kila aina, na ubishi ule nimetembea nao. Kila nikiajiriwa naangalia kwanza si mkubwa anajua nini, bali anafanya nini anapoambiwa jambo linalopingana na akili yake ya kawaida. Kama anacheka, nalala vibaya. Pengine ni mimi tu. Lakini pia nimewakimbia wawili waliojua kila waya na hawakuweza kumweleza mtu kitu mara ya pili.

Ilibaki kumwambia mama. Nilimwombea saa, akaja nyumba ya foni ya Kongolo. Patroni alisimama kando yangu, kofia mkononi. Nilimsalimu mama salamu zote. Kisha nikasema, "Mama, yaya iko muzima. Mutoto hakubaki. Avu."

Nilisikia kitufe kikibonyezwa kule. Nilisikia pumzi yake. Nikasikia chumba, benchi likisogezwa, mwanamke fulani akianza kuomboleza na kunyamazishwa.  Nilingoja mama aachie kitufe ili nimwambie yale niliyoyaandaa, kwamba yaya anakula, kwamba nilimshika kichwa, kwamba nilikuwepo. Pumzi iliendelea.

"Ameshika na mikono miwili," patroni alisema.

Hakuna tulichoweza kufanya. Huwezi kumwambia mtu aachie wakati ameshika, hakusikii. Tulikaa tukimsikiliza, watu wote wa mabenchi pamoja nasi, mpaka sauti ikakatika, sijui kwa mkono wake au kwa betri ya Kongolo. Hapo ndipo nilipojua kwamba siwezi tena kuvaa vile visikilizio.

Patroni alitia sahihi. Kijiwe na waya vilifika kutoka Lubumbashi kabla yaya hajapata nguvu ya kusafiri, ruhusa ya posta nayo ilipatikana, na asubuhi moja Zongwe iliingia kama mtu wa chumba cha pili, ikiuliza tumeamukaje. Sikuwa mimi niliyejibu. Nilikuwa nimeacha kazi, nikimsubiri yaya apone nimrudishe kwa mama. Shemeji alikubali, alisema atamfuata msimu ukiisha.

Siku ya kuondoka patroni alikuja stesheni na mfuko wa ndagala kavu kwa ajili ya mama. Enjeniere hakuja, lakini treni ilipoanza kusogea nilimwona kwa mbali juu ya paa la nyumba yetu, akikaza waya mpya ulioanzia kwenye bati na kwenda hadi kwenye nguzo ya jirani. Aliinua mkono wenye koleo. Sikujua kama alituona sisi au alikuwa anapima.

Yaya alikuwa upande wa dirisha. Aliniuliza kama ni kweli sasa Zongwe inasikika.

Nilimwambia inasikika.

"Asubuhi pia?"

Nikamwambia asubuhi pia. Akageuza uso kuelekea ziwani na kukaa hivyo, mpaka reli ikapinda na Lukuga ikaja kando yetu.